Nguzo za Msingi za Kuchimbwa Bukavu: Kuzuia Kasoro na Kuzigundua Kabla ya Tetemeko

Nguzo ya zege yenye kasoro inaweza kubeba nyumba miaka mingi bila dalili yoyote. Uzito unashuka wima, udongo wa pembeni unaishika nguzo kwa msuguano, na hata pale ilipobana, zege lililobaki linatosha kustahimili mgandamizo. Tetemeko ni shughuli nyingine. Ardhi inakwenda ubavuni na kurudi, nyumba inachelewa kuifuata, na nguzo iliyo kati ya ardhi na nyumba inapindishwa. Mahali palipobana, palipochanganyika na matope au palipokosa nondo ndipo panapokatika.

Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9, lenye kitovu kaskazini ya Bukavu, lilibomoa nyumba mjini na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Tunajenga ndani ya Bonde la Ufa, na tunajenga kwenye miteremko. Ubaya ni kwamba madhara ya nguzo hayaonekani. Huko Niigata, Japani, nguzo za jengo moja lililotikiswa mwaka 1964 zilifukuliwa baada ya takriban miaka 20, zikakutwa zimevunjika karibu na juu na karibu na chini ya tabaka la mchanga lililogeuka uji wakati wa tetemeko. Muda wote huo watu walikuwa wakilitumia jengo.

Mwongozo huu unahusu nguzo ambazo shimo lake huchimbwa kwanza, kikapu cha nondo kikashushwa, kisha zege likamwagwa humo humo ardhini. Kwa mfano tumechukua nguzo ya kipenyo cha sm 60 na urefu wa m 12. Ukubwa, idadi na kina cha nguzo zako vitatoka kwenye hesabu ya injinia. Kazi ya shantie, yaani mahali pa ujenzi, ni kuhakikisha kilichochorwa ndicho kilichomo ardhini.

Sehemu mbili za kulinda kuliko zote

Ya kwanza ni juu, chini tu ya kofia ya nguzo, yaani bonge la zege linalofunika vichwa vya nguzo na kubeba jengo. Nguzo ya sm 60 hupinda zaidi katika mita 3 hadi 6 za mwanzo. Ya pili ni pale udongo laini unapokutana na udongo mgumu au mwamba: tabaka la juu linayumba sana, la chini kidogo, na nguzo inavunjwa mpakani. Kanuni za Ulaya za ujenzi wa maeneo ya matetemeko, Yurokodi 8, zinataka nguzo ifungwe ringi (vyuma vya mviringo vinavyozunguka nondo) za karibu karibu kwa urefu wa vipenyo 2 chini ya kofia, na vipenyo 2 kila upande wa mpaka ambako ugumu wa matabaka unapishana zaidi ya mara 6. Kwa nguzo yetu hiyo ni m 1.2 chini ya kofia, na m 1.2 juu na m 1.2 chini ya mpaka.

Kwa hiyo andika kina cha mpaka huo kwenye karatasi ya kila nguzo. Kasoro ndogo katikati ya tabaka moja inaweza kuvumilika. Kasoro hiyo hiyo mpakani haivumiliki.

1. Jua udongo kabla ya mashine kufika

Udongo mwingi wa Bukavu ni mfinyanzi mwekundu uliotokana na basalti iliyooza. Ndani yake yamebaki majabali ambayo hayakuoza, mengine makubwa kuliko shimo lenyewe. Keekee ikigonga jabali, fundi hufurahi na kusema amefika mwambani. Nguzo ikiishia hapo, imekaa juu ya jiwe linaloelea kwenye udongo, na jiwe hilo litahama ardhi ikitikiswa.

Usikubali mwamba kwa sauti ya mashine. Toboa tundu dogo la uchunguzi kwenda chini zaidi, angalau vipenyo 3 vya nguzo, yaani karibu m 1.8 kwa mfano wetu. Kama chini ya jiwe kuna mfinyanzi tena, jiwe hilo livunjwe kwa nyundo nzito ya mashine na uchimbaji uendelee.

Kwenye miteremko kama ya Kadutu hapa Bukavu, ambako mtaa wa Funu unajulikana kwa maporomoko, swali la kwanza ni kama ardhi yenyewe inahama. Tazama miti iliyoinama, nyufa za ardhini zenye umbo la upinde, chemchemi zinazotoka katikati ya mteremko, kuta za majirani zilizopasuka kwa mshazari. Nguzo za kawaida hazizuii poromoko. Udongo unaoteremka unazisukuma kama meno ya kitana mpaka zikatike. Ukikuta dalili hizo, simamisha kazi mpaka mtaalamu wa miteremko apime. Na udongo unaotoka kwenye mashimo usimwagwe kamwe upande wa chini wa kiwanja: unaongeza mzigo pale pale panapotaka kuteleza.

Wanaojenga Goma wana tatizo la aina nyingine. Pale kuna matabaka ya lava ngumu yenye mapango na changarawe legevu katikati, na zege linaweza kutoroka likajaza pango. Tena shimo la kuchimbwa kwa mkono linaweza kujaa mazuku, ile hewa ya kaboni dioksaidi isiyo na rangi inayotuama chini. Mtu asishuke kabla hewa haijapimwa kwa kifaa.

2. Kuchimba

Panga kazi kati ya Juni na Agosti kama inawezekana. Mvua zikianza Septemba, jukwaa la mashine linalegea, mashine inainama, na shimo linainama nayo. Shimo lisipotoke katikati ya alama yake kwa zaidi ya sm 10, wala lisiinamie zaidi ya sm 2 kwa kila mita ya kina. Kagua wima baada ya mita 2 za kwanza, wakati bado inawezekana kurekebisha.

Mita 2 hadi 3 za juu zishikiliwe na bomba la chuma la muda. Udongo wa juu ndio unaomeguka na kuangukia zege bichi, na ndiyo sehemu ya nguzo inayopindishwa zaidi.

Ukikuta maji, au tabaka la mchanga kama yale ya mabondeni na kandokando ya ziwa, kuna njia mbili: bomba la chuma mpaka chini, au kulijaza shimo maji ya bentonaiti, yaani maji yaliyochanganywa na unga wa mfinyanzi ili yazuie kuta zisiporomoke. Bentonaiti isimame angalau m 1.5 juu ya maji ya ardhini, saa zote, hata mafundi wakienda kula. Ikishuka, maji ya ardhini yanasukuma ukuta wa shimo kuingia ndani. Kabla ya zege, pima bentonaiti iliyo chini ya shimo: uzito usizidi kilo 1.15 kwa lita, ipite kwenye koni ya Marsh (faneli ya kupimia uzito wa kutiririka) kwa sekunde 32 hadi 50, na mchanga ndani yake usizidi asilimia 4. Ikizidi, mchanga utatua juu ya zege wakati wa kumwaga na kubaki ndani ya nguzo kama vipande vya keki.

Usichimbe shimo jipya ndani ya umbali wa vipenyo 3, katikati kwa katikati, kutoka nguzo ambayo zege lake halijamaliza saa 24. Na shimo lisilale wazi. Mfinyanzi ulioachwa usiku kucha unavimba na kulainika, msuguano unapotea. Likilala kwa bahati mbaya, asubuhi kwangua kuta na uchimbe chini upya.

3. Kusafisha chini

Pima kina mara mbili kwa kamba yenye kizito bapa: mara tu uchimbaji ukiisha, na tena dakika chache kabla ya zege. Tofauti ya vipimo ndiyo unene wa matope yaliyotua. Yakizidi sm 5, safisha tena kwa ndoo ya kusafishia au kwa kufyonza. Kizito kikigusa na kuzama polepole, hayo ni matope. Kikigonga na kusimama, umefika kwenye udongo wenyewe. Mtu mmoja apime nguzo zote ili mkono uzoee tofauti hiyo.

Nguzo moja yenye matope chini itatitia zaidi ya wenzake. Tetemeko likilaza uzito upande mmoja, nguzo za pembeni ndizo zinazobanwa ghafla, na nyumba inabaki imeinama.

4. Kikapu cha nondo

Kiwango cha chini kabisa kwa nguzo ya sm 60 ni asilimia 0.5 ya eneo lake. Nondo 8 za mm 16 zinatimiza hilo. Kwa mji wa matetemeko hiyo haitoshi juu. Nondo 10 za mm 20 zinafikia asilimia 1.1, na bado zinaacha nafasi ya karibu sm 11 kati ya nondo na nondo, zege la kokoto za mm 20 likapita bila taabu. Usirundike nondo mpaka nafasi ikapungua sm 10: zege litabaki ndani ya kikapu, na nje patakuwa na mapango na matope.

Ringi au springi ziwe za mm 10, zikifungwa kila sm 10 kwenye zile sehemu mbili hatari. Kwingineko sm 20 inakubalika kama mchoro unaruhusu. Ncha za ringi zikunjwe kwa nyuzi 135 na kuingia ndani ya kikapu. Ringi iliyokunjwa nyuzi 90 tu hufunguka ganda la nje la zege likibanduka, na nondo zinachepuka nje.

Kosa tunaloliona mara kwa mara: kikapu kinakomea m 6 kwa kuokoa chuma, wakati mwamba uko m 9. Mpaka wa matabaka unabaki na zege tupu. Zege tupu likipindishwa halipindi, linakatika. Kikapu kivuke mpaka na kuingia angalau m 1.2 upande wa pili.

Ganda la zege nje ya nondo liwe mm 75. Funga biskuti (vipande vya kutenga nondo na ukuta wa shimo) za mviringo, 4 kwa kila usawa, kila baada ya m 2. Zile za mraba zinakwangua ukuta wa shimo na kuangusha udongo chini ambako umeshasafisha. Kikapu kikishashuka, kitundike kwenye mhimili wa juu, kisisimame kwa miguu yake, na weka alama ya usawa wake kwa rangi.

Kama nguzo zitapimwa kwa mawimbi ya sauti yanayopitishwa kutoka bomba moja hadi jingine, funga sasa mabomba 3 ya chuma ya mm 50 ndani ya kikapu, yamezibwa chini, marefu mpaka juu. Yajaze maji kabla ya zege. Bomba kavu hubanduka kutoka kwenye zege na kipimo kinaonyesha kasoro isiyokuwepo.

5. Zege

Nguzo nyingi huharibikia hapa, na ndani ya saa moja tu.

Shimo letu lina ujazo wa m³ 3.4. Ongeza asilimia 10 kwa ukuta usio laini, unapata m³ 3.75. Betonyeri, yaani mashine ya kuchanganyia zege, inayotoa m³ 0.25 kwa mzunguko itazunguka mara 15. Kila mzunguko mifuko 2 ya simenti ya kilo 50, yaani kilo 400 kwa kila m³. Chini ya maji usishuke chini ya kilo 375. Mifuko 30 iwe imeshahesabiwa na kufunikwa kando ya shimo, pamoja na mchanga, kokoto na maji, kabla ya mzunguko wa kwanza. Maji yasizidi lita 55 kwa mzunguko, ukihesabu na unyevu wa mchanga.

Zege linatakiwa litiririke lenyewe, kwa slampu (kipimo cha jinsi zege bichi linavyoshuka likiondolewa koni yake) ya mm 180 hadi 220, kwa sababu huwezi kulitikisa kwa mashine kwenye kina cha m 12. Ulaini huo utoke kwenye dawa ya kulainishia zege. Fundi asiye nayo huongeza maji, na zege la maji mengi linatengana: kokoto chini, uji wa simenti juu, na juu ndiko tunakohitaji nguvu.

Betonyeri moja ikichukua dakika 6 kwa mzunguko, nguzo inakamilika kwa saa moja na nusu. Weka mbili. Ya pili inafupisha muda, na moja ikizimika katikati kazi haisimami. Zege likisimama mpaka likaanza kushika, linalofuata halishikamani nalo, na kiungo hicho kinakuwa mahali pa kukatikia.

Hata kwenye shimo kavu tumia bomba la kumwagia. Zege likirushwa kutoka juu linagonga nondo na kokoto zinajitenga. Kwenye maji au bentonaiti, bomba ni lazima: kipenyo cha ndani mm 200, viungo visivyovuja. Anza hivi:

Shusha bomba mpaka liguse chini, kisha liinue sm 15 hadi 20. Tia kizibo cha sponji ndani ya bomba, juu ya maji, ili zege la kwanza lisioshwe. Jaza bomba lote na faneli yake kabla ya kuachia. Bomba la m 12 linabeba m³ 0.38, faneli ibebe angalau m³ 0.3. Jumla hiyo inatosha kuzamisha mdomo wa bomba m 1.5 ndani ya zege kwa mpigo mmoja. Ukianza na toroli moja moja, zege lote la mwanzo linaoshwa na maji, na chini ya nguzo panabaki kokoto zisizo na simenti.

Kuanzia hapo mdomo wa bomba usitoke kwenye zege, ubaki umezama m 1.5 au zaidi. Ukichomoka hata mara moja, tope lililoelea juu ya zege linafunikwa katikati ya nguzo. Usiurudishe na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Andika kina, simamisha, mwite injinia.

Baada ya kila mzunguko, pima usawa wa zege kwa kamba na uandike. Ni kazi ya dakika moja, nayo inakuonyesha umbo la nguzo ambayo hutaiona tena. Kila m³ 0.25 inapaswa kupandisha zege karibu sm 88. Ikipanda m 1.4, shimo limebana hapo mpaka kipenyo cha karibu sm 48, au udongo umeanguka ndani. Ikipanda sm 50 tu, shimo limepanuka mpaka karibu sm 80, au zege linatoroka kwenye ufa. Linganisha kina hicho na kina cha mpaka wa matabaka ulichoandika. Jumla ya zege ikiwa pungufu ya m³ 3.4, nguzo hiyo ina shaka kuanzia saa hiyo, hata kama juu inapendeza.

Zege likifika chini ya kikapu kifupi, punguza kasi, kwa sababu linaweza kukiinua. Tazama ile alama ya rangi. Bomba la chuma la muda likichomolewa, ndani yake zege libaki juu ya mdomo wake kwa m 1.5 hadi 2. Livute wima na polepole kabla zege halijaanza kushika. Likichelewa, linapanda na zege lenyewe na kuacha ufa wa mlalo kwenye mita za juu.

6. Kichwa cha nguzo

Zege la mwanzo kumwagwa ndilo linalofika juu, limebeba uchafu wote. Limwagwe lizidi usawa wa kukatia kwa sm 50 hadi 100 chini ya maji au bentonaiti, sm 30 kwenye shimo kavu. Ziada hiyo ikatwe baadaye kwa patasi au nyundo nyepesi ya mashine, sm 15 za mwisho kwa mkono. Nyundo nzito inapasua nguzo chini ya mstari, mahali pale pale tunapopalinda. Gonga zege lililobaki: linalolia kwa ukali ni zima, linalolia butu endelea kulikata mpaka ufikie zege zima, kisha mwaga zege jipya ndani ya fomu, yaani kiunzi cha mbao au chuma.

Nondo ziingie kwenye kofia kwa urefu wa kushika uliochorwa, bila kukunjwa kwa bomba na kunyooshwa mara mbili. Kofia ziunganishwe kwa mihimili ya ardhini pande zote mbili, ili nguzo moja isisukumwe peke yake.

Magari na mashine zisipite karibu na vichwa vya nguzo changa.

7. Kupima

Kipimo cha nyundo ndogo ni rahisi: siku 7 baada ya zege, kichwa kimesawazishwa, kipokezi kinabandikwa na unagonga. Wimbi linasafiri karibu m 4,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa chini ya nguzo ya m 12 unarudi baada ya milisekunde 6. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 2.5, kuna mabadiliko m 5 chini. Hapo fungua daftari la zege uone nini kiliandikwa kwenye m 5. Kipimo hiki hakioni kasoro ndogo, hakisomi vizuri sehemu ya juu kabisa, na hakikuambii kama nondo zimefunikwa. Kwa hiyo fukua nguzo kadhaa mpaka m 1.5 na uzitazame kwa macho.

Kipimo cha sauti kupitia mabomba matatu kinaona zaidi, na kwa jengo la shule au hospitali tusingekubali kingine.

8. Kasoro ikipatikana

Kama iko ndani ya mita 2 za juu, fukua, ondoa zege bovu mpaka ufikie zege zima, safisha nondo, ongeza ringi, mwaga upya kwa kipenyo kipana zaidi. Kasoro ya kina kwenye zege, nondo zikiwa salama, inaweza kutobolewa na kudungwa uji wa simenti kwa shinikizo. Lakini uji hauleti nondo iliyokosekana. Nguzo isiyo na chuma mpakani, au iliyokatika kwa tope, ihesabiwe kuwa haipo: chimba mbili mpya, moja kila upande, na upanue kofia. Uamuzi huo ufanywe kabla kofia haijamwagwa, kwa sababu baadaye mashine haitapata nafasi ya kusimama.

Weka daftari la zege, karatasi za kina cha matabaka na michoro ya mwangwi kwa mwenye nyumba, nakala nyingine kwa injinia. Siku ardhi ikitikisika kwa nguvu, anza kwa kufukua nguzo mbili za pembeni upande wa chini wa mteremko, mpaka m 1.5 chini ya kofia. Ufa unaozidi mm 0.3, au zege lililobanduka na kuonyesha ringi, maana yake jengo lisikaliwe mpaka nguzo zote zigongwe upya na mwangwi wake ulinganishwe na ule wa kwanza.